Maiti 49 Wasio na Ukoo

Kisanduku cha Black Stories kinatoshea kwenye kiganja. Ndani mna kadi 50. Upande wa mbele wa kila kadi kuna mchoro wa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, na sentensi moja au mbili za kisa. Nyuma kuna jibu. Mtungaji ni Mjerumani, Holger Bösch, michoro ni ya Bernhard Skopnik, na Moses Verlag walikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Tangu hapo vimefuata visanduku vingine vingi vya jina hilo hilo. Kwenye jalada wametangaza mali yao bila haya: uhalifu 31, maiti 49, mauaji 11, waliojiua 12, na mlo mmoja wa kufisha.

Kanuni ni fupi kuliko za karata. Mtu mmoja anashika kadi, anasoma kisa kwa sauti, anasoma jibu kimoyomoyo, halafu ananyamaza. Wengine wanamuuliza maswali, na yeye anaruhusiwa kujibu ndiyo au la, basi. Mnaendelea hivyo mpaka mjue marehemu alikufaje.

Tumekicheza Ramadhani nzima hapa Isiolo, watu wanane, barazani kwa mama mmoja Bulla Pesa, kuanzia baada ya tarawehe hadi karibu na daku. Tulimaliza kadi zote isipokuwa chache ambazo nitazieleza baadaye. Nitoe hukumu mapema ili usije ukaingoja hadi mwisho: ni gemu tamu sana iliyoandikwa vibaya. Utamu unatoka kwa wanaouliza. Ubaya uko nyuma ya kadi.

Kwanza ilibidi tupite kwa mama mwenye nyumba. Alisikia neno kadi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wanangu, hiyo ni kamari?" Tukamwonyesha: hakuna mfalme, hakuna malkia, hakuna shilingi mezani, hata mshindi hakuna. Akashika moja, akaangalia mchoro wa mtu aliyelala kwenye dimbwi jekundu, akairudisha. "Afadhali kamari," akasema. Lakini alivuta kiti.

Sasa, unajua vile wasee hucheza kadi mtaani. Mnakimbizana, huyu anakupiga na mbili, huyu anakuruka, mtu anapiga kelele "niko kadi!" na stori imeisha. Hapa hakuna wa kumaliza. Mnashinda wote au mnakwama wote. Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachokisifu ni kwamba mtoto wa fomu thrii alikuwa na nguvu sawa na mwalimu wake wa kemia, ambaye pia alikuwepo, na usiku wa tatu alimpita. Mwalimu huuliza maswali marefu, yenye "endapo" na "kwa kudhania kwamba". Mtoto huuliza: "Kulikuwa giza?" Ndiyo. Tayari tumefika mbali.

Swali lililoniandikisha makala hii lakini lilikuja usiku wa kwanza kabisa. Kuna kisa kikongwe ambacho wapenzi wa vitendawili vya aina hii wote wanakijua, na ndicho nilichoanza nacho ili kuwapasha moto: mtu amekutwa amekufa jangwani, uchi, mkononi ameshika njiti ya kiberiti iliyovunjika. Ilikuwaje? Nilisubiri maswali ya kawaida. Aliuawa? Alikuwa peke yake? Dada anayeuza maziwa ya ngamia, ambaye ndiye mchezaji bora niliyewahi kukaa naye, akauliza: "Wa nani?"

Nikamwambia swali hilo halijibiki kwa ndiyo au la. Akarekebisha. "Anajulikana ni wa nani?" Nikageuza kadi ya kichwani mwangu, nikatafuta, hakuna. Kisa hakisemi. "Haihusiki," nikajibu, kwa sababu kanuni huruhusu jibu hilo pia, la kuwarudisha watu njiani. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.

Na swali lake lilirudi kila usiku, kutoka vinywa tofauti. Mturkana wetu wa boda aliliuliza. Muuguzi aliliuliza. Mama alikuwa akiliuliza kutoka jikoni. Ukiambiwa kuna maiti Isiolo, hilo ndilo swali la kwanza, na si umbea. Jibu lake linaamua nani apigiwe simu, maiti azikwe wapi na nani asitembee upande gani wa mji jioni hiyo. Kaskazini huku kuna hata hesabu iliyoandikwa. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambalo wazee na maofisa wa wilaya hizi walikubaliana, liliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Unaweza kuligombeza azimio hilo kwa mengi, na mimi ningeanzia hapo kwenye 50. Lakini angalau linajua kwamba maiti ana watu. Maiti 49 wa Black Stories hawana hata shangazi. Wamekufa ili tupate la kukisia, na ukishakisia wanarudi kwenye kisanduku.

Mnaweza kusema naidai gemu kitu ambacho haikuahidi. Sawa. Ila ngoja nieleze jinsi swali la mtu wa boda lilivyokivunja kisa kile cha jangwani, uone kwamba watu hawa hawakuwa wageni wa mchezo, waliuelewa kuliko waliouunda. Aliuliza: "Kuna nyayo?" La. "Hata zake?" La. Akaegemea ukuta. "Basi huyo ametoka juu." Maswali mawili! Nimesoma kwamba watu huhangaika nusu saa hapo. Kwa mtu aliyekua akifuata mbuzi waliopotea, mchanga usio na nyayo ni sentensi iliyokamilika. Kilichotutesa ni ile njiti. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda puto la hewa moto, hayo ni ya watalii kule Maasai Mara. Ikatuchukua dakika arobaini kufika kwenye jibu: puto lilikuwa linashuka, wakatupa mizigo, wakatupa hadi nguo, mwishowe wakapiga kura kwa njiti nani ajitupe, na yeye akapata fupi. Kimya kidogo, kile kimya kitamu cha kujua. Halafu mama: "Na wenzake walirudi kumzika?"

Hilo pia nyuma ya kadi halipo.

Kadi zetu ni za Kiingereza, kwa hivyo kila anayeshika lazima atafsiri papo hapo, na hapa ndipo nilipoanza kuuona mfupa wa mchezo wenyewe. Nusu ya ujanja wa visa hivi umejificha ndani ya viwakilishi. Kiingereza kinaweza kuficha kitu chochote nyuma ya neno moja dogo lisilo na sura. Mtu alikiona kitu, akajua, akafa. Kiswahili hakikubali. Ukisema aliliona, aliuona, alikiona, umeshatoa ngeli, na kundi letu lilijifunza kunisikiliza kama polisi. Nikiteleza nikasema "lilipasuka", mara wanaorodhesha: gurudumu, dirisha, puto, jiwe, yai! Usiku wa tano nilikuwa nasoma kisa nikijificha kwenye neno "kitu" kama mtu aliye na deni dukani.

Upande wa pili Kiswahili kinaficha kile ambacho wao wanahangaika kukificha. A- yetu haisemi mume wala mke. Kuna kitendawili maarufu, si cha kisanduku hiki lakini ni binamu yake: baba na mwanawe wamepata ajali, baba amekufa, mtoto amekimbizwa hospitali, daktari wa upasuaji anamwona na kusema siwezi kumpasua, huyu ni mwanangu. Wenzetu wa ng'ambo wanakitumia kuwaumbua watu wanaodhani daktari lazima awe mwanamume. Nilipowategea wenzangu, sikupata nafasi ya kuwaumbua. Muuguzi hakumaliza kunisikiliza. "Ni baba mdogo wake." Mwalimu: "Au baba mkubwa." Wa boda: "Au rafiki wa baba, si huyo pia ni baba?" Maze, kitendawili kizima kilianguka kwa sababu hapa mtoto ana baba wanne kabla hujamfikia mama. Na waliponong'onezana Kiborana ndipo jinsia ilipoingia, kwa kuwa Kiborana hutenganisha yeye wa kiume na yeye wa kike. Ningekaa nao katika lugha moja nisingeyaona haya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa supu. Ni kisa mashuhuri kuliko vyote vya jamii hii, huko Japani wanakijua kwa jina la supu ya kasa. Mtu anaingia hotelini karibu na bahari, anaagiza supu ya albatrosi, yule ndege mkubwa wa baharini, anaonja kijiko kimoja, anatoka, na usiku huo anajitoa uhai. Kwa nini? Swali la kwanza, wa nani. Haihusiki. La pili, supu ilikuwa na sumu? La. La tatu liliulizwa na kijana wa duka la simu, kwa upole, kama mtu anayeuliza mgahawani Nairobi: "Ilikuwa halali?" Nikajibu ndiyo, hiyo ya hotelini, ukipenda. Akafikiri. "Kuna nyingine alikula kabla, haikuwa halali?"

Nilibaki mdomo wazi. Jibu ni kwamba miaka kadhaa nyuma mtu huyo alipotea baharini na wenzake, njaa ikawashika, akapewa nyama akaambiwa ni ya ndege huyo. Sasa ameonja ndege wa kweli, ladha si ile, akajua alichokula alikuwa mwenzake. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameuliza nyama imechinjwa na nani kabla ya kuitia mdomoni, hilo halikuwa fumbo gumu. Mjerumani huanza kwa kumshuku mpishi. Kijana wetu alianza kwa kuishuku nyama.

Edward de Bono, aliyeipa jina fikra ya kukatiza pembeni mwaka 1967, alifundisha kwamba akili hukwama kwenye mazoea na inafaa kuitoa njiani. Mimi niliyoyaona barazani ni kinyume chake kabisa. Kila aliyetegua fumbo upesi aliliteguа kwa mazoea yake, ila tu yalikuwa mazoea ambayo mtungaji hakuwa nayo.

Hapa nitoke nje kidogo, kwa sababu kuna mtu atauliza kwa nini hatukucheza ile nyingine, ile ya kijiji kinacholala. Mnaijua. Dmitry Davidoff aliibuni mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa saikolojia Chuo Kikuu cha Moscow, akaiita Mafia, baadaye Mmarekani Andrew Plotkin akaigeuza ikawa ya mbwa mwitu, na mwaka 2020 nusu ya dunia ikajifungia nyumbani ikicheza ndugu yake wa simuni, Among Us. Tuliijaribu usiku mmoja. Mbwa mwitu tukawafanya fisi. Kijiji kinalala, fisi wanamla mtu, kijiji kinaamka na kupiga kura nani auawe kwa kushukiwa.

Raundi ya kwanza tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Raundi ya pili kura zikaanza kujipanga. Hakuna aliyesema lolote. Ila mimi nilikuwa msimamizi, nilikuwa nimefumbua macho wakati wengine wamefumba, na niliona nani ananyoosha kidole kwa nani. Waborana wawili walimchagua Mturkana. Mturkana na Mmeru walimchagua Mborana. Msomali alisubiri aone upepo. Huu ni mji ambao ng'ombe wakiibwa Ngaremara au kwingineko, mtu anaweza kuulizwa jina lake la tatu kabla ya kuulizwa alikuwa wapi. Mwalimu alisema tu, "Chai imepoa, tuishie hapo." Kadi za fisi hazikutolewa tena. Ni gemu bora kuliko Black Stories, kwa ufundi haina mfano, na sitaicheza Isiolo na kundi mchanganyiko hivi karibuni. Black Stories ina faida moja juu yake: anayeshukiwa hayupo mezani.

Turudi. Kasoro kubwa ya kisanduku ni kwamba kikishachezwa kimekufa. Ukijua puto, umejua. Kitendawili chetu hakina ugonjwa huo. Kila mtoto anajua nyumba isiyo na mlango ni yai, na bado anategwa na anafurahi. Nilijiuliza sana kwa nini, nikaona jibu liko kwenye mji. Ukishindwa kitendawili, unatoa mji. "Nipe mji." "Nakupa Lamu." Halafu aliyetega anajigamba: nilienda Lamu, watu wa Lamu wakanipokea, wakanichinjia, wakanilaza kitanda cha samadari, na jibu ni hili. Kushindwa kuna gharama na kuna karamu. Dada wa maziwa aliniambia Kiborana nako ni hivyo hivyo, kwenye hibbo unampa mtu nchi. Kadi ya Mjerumani haikudai chochote. Umeshindwa? Geuza, soma, pole.

Tukaiongezea. Usiku wa kumi tulipitisha: atakayetaka kuona mgongo wa kadi kabla ya kutegua, atoe mji, na msimamizi aupokee kwa maneno yasiyopungua matatu ya majigambo. Gemu ilifufuka. Watu walitoa Nairobi kwanza, bila huruma, kama mtu anayetoa shati kuukuu. Ikaenda Mombasa, ikaenda Dubai. Merti ilitolewa na mtu asiye na jamaa Merti, na mwenye jamaa huko akakataa, ikabidi ichukuliwe Garba Tula, nako kukazuka kelele. Kinna alikataa kabisa kuitoa kijana wa simu, bibi yake yuko kule. Tulikuwa tunapoteza dakika kumi kugawana kaunti kwa ajili ya kujua mtu alikufaje kwenye lifti.

Halafu usiku mmoja mwalimu, Mmeru, amechoka, fumbo limemshinda, akasema bila kufikiri: "Haya, chukua Isiolo."

Kama huishi hapa, acha nikueleze kwa ufupi. Mpaka wa Isiolo na Meru ni kesi ya miaka na miaka, na ukianza kuuliza mji huu ni wa nani utapata ramani zaidi ya moja. Tangu serikali ilipotangaza barabara na reli na bomba la LAPSSET, na jiji la kitalii ambalo tumelisikia zaidi ya kuliona, kila kipande cha vumbi kimepata wenyewe watatu. Kwa hivyo Mmeru alipotoa Isiolo, ilikuwa kitu. Mtu wa boda akacheka peke yake. Dada wa maziwa ndiye aliyekuwa ameshika kadi. Alikunja shuka lake akasema polepole, kwa sauti ya kujigamba inayotakiwa: "Nilienda Isiolo. Watu wa Isiolo wakaniuliza, nani amekutuma uje kuitoa?" Tukaangua kicheko, mwalimu akaongoza. Nafikiri hiyo ndiyo sentensi bora iliyotungwa Ramadhani ile, na haimo kwenye kisanduku.

Nyuma ya kadi ni pabaya. Niseme ukweli kuhusu hilo, kwa sababu makala nyingi za kusifu gemu hii zinaishia kwenye furaha ya kuuliza. Majibu yameandikwa kama ripoti ya mtu mwenye haraka. Yanategemea sadfa juu ya sadfa. Wanawake wanakufa ili mwanamume ashtuke, kisha kejeli, kisha mwisho. Mtu yeyote aliyesoma Bwana Msa atanielewa. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957/58, aliweka mpelelezi anayevuta kiko na kuwaza kama Sherlock Holmes, sawa, alimwiga na hakuficha. Lakini hebu tazama mafumbo yake kwenye riwaya zilizofuata yanavyofunguka: nani ni mtoto wa nani, nani alinyimwa urithi, nani aliolewa kwa siri. "Wa nani?" ndilo swali linalobeba hadithi nzima. Mwandishi wa Zanzibar alichukua sanduku la Mwingereza akatia ukoo ndani yake. Huko ndiko ningependa kadi hizi ziende.

Na kuna jambo lingine la nyuma ya kadi: kwamba ipo. Sisi tumelelewa na visa vyeusi ambavyo vina upande mmoja tu. Februari 1990, waziri wa mambo ya nje Robert Ouko anakutwa amekufa Got Alila, mwili umeunguzwa. Kwanza inadokezwa kwamba alijiua. Anakuja John Troon wa Scotland Yard. Inaundwa tume, inavunjwa 1991 kabla haijamaliza. Mtu mmoja anashtakiwa, anaachiliwa. Jaribu kuliweka hilo kwenye kadi. Au usiende mbali, tembea hadi wadi ya Wabera hapa hapa mjini. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa Isiolo, akapigwa risasi Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dida, miezi sita kabla ya uhuru, vita vya Shifta vikiwa mlangoni. Nairobi wanapita barabara yenye jina lake wakienda kununua viatu. Hapa, muulize mzee mmoja kilichotokea na mwingine wa pili, kila mmoja atakugeuzia kadi yake, na migongo haifanani.

Usiku wa ishirini na kitu tulipata kadi kuhusu maiti aliyetambuliwa kwa kitu alichovaa. Nisiiharibu kwa atakayeicheza. Dada wa maziwa aliuliza maswali sita mfululizo, safi, kila moja likikata nusu ya yaliyobaki, akategua peke yake. Tukampigia makofi. Akasema, bila kubadilisha sauti, "Huyu angalau amepatikana." Waliomjua walitazama chini. Mimi nilielezwa baadaye: kaka yake alitoka kwenda kuswali alfajiri, miaka kadhaa sasa, na hakurudi. Ndipo nilipoelewa maswali yake. Mwanamke huyo amekuwa akiuliza ndiyo au la kwenye madirisha ya ofisi kwa muda mrefu kuliko yeyote kati yetu, na kwa muda wote huo hajakutana na msimamizi ambaye ameshika jibu mkononi. Nikamuuliza siku nyingine kama gemu humuumiza. Akasema hapana, humpumzisha. "Hapa ukiuliza vizuri, unajibiwa."

Sijui mkosoaji yeyote aliyeieleza Black Stories vizuri kuliko hivyo.

Kadi tulizoziacha ni za waliojiua. Hesabu ya jaladani yenyewe inasema wao ni 12 na waliouawa ni 11, na mtungaji anawatumia kama mlango wa nyuma: fumbo likimshinda kufunga, marehemu alijiua. Muuguzi ndiye aliyesema tuzitoe. Alitukumbusha kwamba mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kuwa kinyume cha katiba, mtu aliyejaribu kujitoa uhai nchini humu na akanusurika angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Wagonjwa wake walikuwa wakidanganya kuhusu kilichowaleta wodini. Mtu aliyelazimika kujibu la wakati jibu ni ndiyo, akasema, hafai kuwa kitendawili cha watu wanaokunywa chai. Kijana wa simu alipinga, kwamba supu nayo ilikuwa ya kujiua na tuliifurahia. Wakabishana hadi daku. Niko upande wa muuguzi, ingawa hoja ya supu sijaijibu.

Sasa tunatengeneza zetu, tunakata maboksi ya majani ya chai. Masharti ni mawili: nyuma ya kadi lazima useme marehemu ni wa nani, na lazima useme alizikwa wapi. Ni ngumu kuliko unavyodhani. Mtoto wa fomu thrii ameshaandika tatu, moja ina ngamia anayejua kuhesabu, na ni nzuri sana. Mtu wa boda anazo mbili za nyayo. Mwalimu bado anaandika ya kwanza, ina "endapo" nne. Dada wa maziwa amechukua kadi tupu, ameiweka kwenye pochi.

Kisanduku cha Mjerumani kiko kwa mwalimu, juu ya kabati la vitabu. Anayetaka akakiazime. Za kujiua hazimo, na usimwombe mwalimu Isiolo.